Udongo Haujui Jumamosi

Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Kufuli la tiyo, bomba la kupimia maji ya ardhini, lilikuwa limepakwa mawese.

Inspekta Henriette Kataliko aliligusa kwa ncha ya kidole, akanusa, akafuta kidole kwa kipande cha karatasi na kukitia kipande hicho ndani ya bahasha. Kufuli lililokaa nje juu ya kilima, katika msimu wa mvua, lilipaswa kuwa na kutu. Hili lilifunguka bila kukwama.

"Nani anapaka mafuta hapa?"

"Si mimi," alisema Gauthier Bagalwa, mhandisi wa maji aliyeichimbia ardhini tiyo hiyo mwaka uliotangulia. "Mimi nakuyaka hapa mara moja kwa mwezi. Ufunguo mmoja ni huu. Wa pili uko kwa mlinzi."

Mlinzi, Aubin Harelimana, alisimama nyuma yao, mikono ikiwa na pingu mbele ya tumbo. Polisi Kambere alikuwa amemshika kiwiko. Asubuhi hiyo walikuwa wamemtoa kasho, mahabusu ya polisi, ili aonyeshe mahali alipokuwa siku ya maporomoko.

"Ufunguo wako uko wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Ulipotea."

"Wapi?"

"Mama, kama ningejua wapi, haungekuwa umepotea."

Kambere alicheka, kisha akaona Inspekta hacheki.

Kilima kiliitwa Kanyabuki. Kilikuwa ng'ambo ya ziwa la Lac Vert, upande wa barabara ya Sake: majivu ya zamani ya volkano juu, udongo wa mfinyanzi chini yake. Watu waliokimbia vita vya Masisi walikuwa wamejenga vibanda vya turubai kwenye mteremko wake kwa sababu mahali pengine pote palikuwa pamejaa. Jumanne asubuhi nusu ya mteremko iliporomoka na kuua watu kumi na mmoja. King'ora cha tahadhari hakikulia. Nusu ya pili ilibaki imesimama, na chini yake vibanda arobaini vilivyokuwa vitupu tangu siku hiyo. Wenyewe walikuwa wanalala kando ya barabara, ambako jana yake kombora lilianguka.

Sasa walikuwa wanarudi. Kipimo cha asubuhi hiyo kilionyesha kwamba maji ndani ya kilima yako chini, mbali na kiwango cha hatari, na rais wa kambi alikuwa ametangaza kwamba hakuna atakayelala barabarani tena. Kutoka kwenye tiyo Inspekta aliwaona wakishuka kwa vikundi, mikeka kichwani.

Kazi yake ilikuwa moja: kujua kwa nini king'ora kilinyamaza. Kama kosa lilikuwa la mlinzi, basi vipimo vilikuwa vya kweli na watu wale wangeweza kulala. Kama kosa lilikuwa la vipimo, vibanda arobaini vilikuwa vinajazwa watu chini ya udongo ule ule.

Alianza na mlinzi.

King'ora kilikuwa juu ya mlingoti wa mti, na waya wake ulishuka hadi kwenye sanduku la betri. Katikati ya waya palikuwa na kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi.

"Nani alikata hapa?"

"Mimi," alisema Aubin.

Gauthier aligeuka. "Weye?"

"Mwache aseme," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

"Mwezi uliopita ile sirène ililia. Batu bakafikiri ni bombe inakuya, bakalala chini ndani ya manyumba. Baaskari banaofunga barabara ku barrière bakafikiri ni adui, bakapiga masasi. Mukubwa wao akapanda mupaka hapa. Akaniambia: ikilia tena, weye ndo wa kwanza. Nikakata. Kisha nikaogopa, nikaunga."

"Uliogopa baada ya muda gani?"

"Kesho yake."

"Na ulipounga ulijaribu?"

"Kujaribu namna gani, mama? Niilize tena?"

Swali lilikuwa la haki. Inspekta naye hakutaka kukiliza. Alimwomba Gauthier atoe waya kwenye king'ora na kufunga balbu ndogo ya tochi mahali pake, kisha apige simu ofisini kwake Goma watume ishara. Walisubiri. Balbu ikawaka.

"Jumanne mlituma ishara?"

"Hapana," Gauthier alisema.

"Jumatatu?"

"Hapana. Mashine haikuona sababu."

"Basi waya huu haukuulizwa kitu." Alichomoa balbu na kumrudishia. "Mlinzi alikata waya na akauunga. Ni kosa, litaandikwa, lakini siyo lililoua. Nionyeshe sababu ambayo mashine haikuiona."

Gauthier alifungua kompyuta juu ya boneti ya jipu. Alikuwa mtu anayependa kueleza, na Inspekta alimwacha aeleze.

Zamani, alisema, walikuwa wanategemea mvua peke yake. Mvua ikizidi kiasi fulani, king'ora kinalia. Kililia mara nyingi na kilima hakikutikisika hata mara moja, kwa sababu mvua kubwa juu ya udongo mkavu inamezwa tu. Halafu mvua ndogo, baada ya wiki nyingi za mvua, ndiyo inayoangusha. Mvua ya Jumatatu usiku ilikuwa ndogo.

"Mvua inaonyesha kinachoingia. Haionyeshi kile udongo umeshabeba. Ndo maana nilichimba ile tiyo. Maji yanakaa juu ya mfinyanzi, yanapanda ndani ya tiyo, na capteur iko chini inayapima. Yakifika mita tatu kutoka juu, ni hatari. Yakifika hapo asubuhi mbili mfululizo, sirène inalia."

"Kwa nini asubuhi mbili?"

"Kuzuia makosa. Umesikia kinachotokea ikilia bure."

"Na inapima mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Saa kumi na mbili asubuhi. Ingepima kila saa ingehitaji paneli kubwa ya jua, na paneli kubwa hapa inaibiwa siku ya kwanza."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa buluu. Ulikwenda karibu sawasawa, maji yakiwa mita tano chini, wakati mwingine zaidi. Lakini hapa na pale uliruka juu na kurudi, kama meno ya msumeno uliokosa meno mengi. Jino la mwisho lilikuwa limevuka kiwango cha hatari.

"Haya ni nini?"

"Makosa ya capteur. Maji hayapandi mita mbili kwa usiku mmoja halafu kesho yake yakashuka tena. Haiwezekani. Nilibadilisha hata betri."

"Hili la mwisho ni la siku gani?"

"Jumamosi iliyopita. Jumapili ilikuwa imerudi chini, ndo maana sirène haikulia. Normal."

"Na hili la kabla yake?"

Gauthier alitazama tarehe, akafungua kalenda ya simu. "Jumamosi."

"Hili?"

Alipeleka kidole kwenye jino la nne, la tano, bila kuulizwa. "Zote ni Jumamosi," alisema.

"Betri yako inajua Jumamosi?"

"Hapana."

"Udongo nao haujui. Watu ndio wanaoijua." Inspekta alifunga kompyuta yeye mwenyewe. "Hujapata makosa siku za Jumamosi, enjinia. Umepata makosa siku zile nyingine sita."

Alimgeukia mlinzi.

"Aubin, unasali wapi?"

"Katoliki."

"Na watu wa mteremko huu?"

Aubin alitazama viatu vyake.

Jibu lilitoka kwa mwingine. Papa Émile, rais wa kambi, alikuwa anapanda njia akiwa na mwavuli uliofungwa mkononi kama fimbo. Alikuwa mwalimu huko Masisi kabla ya vita.

"Wengi ni Basabato," alisema. "Leo jua likiingia hutaona hata moshi wa moto. Mama Inspekta, bado munapima tu? Ninyi watu wa Butembo, watu wa biashara, hata udongo munataka kuweka ku mizani?"

"Papa Émile, nakuomba uwazuie watu mpaka jioni."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ya kipimo. Sikiamini."

"Enjinia alinipigia simu asubuhi mwenyewe. Akaniambia mita tano. Enjinia, ni uongo?"

"Nilisema mita tano," Gauthier alikubali.

"Basi. Jana bombe lilianguka ku barabara, batoto bamelala mu mayi siku tatu. Ukiniletea karatasi ya kunizuia, nitaisoma. Bila karatasi, tunashuka."

Inspekta hakuwa na karatasi. Sheria ilimpa mamlaka juu ya mlinzi, haikumpa mamlaka juu ya kilima. Papa Émile aliwasalimu kwa kuinua mwavuli na kurudi chini.

Inspekta alirudi kwenye tiyo na kuinama. Sasa alijua anachotafuta. Ukingo wa tiyo, upande wa njia, ulikuwa na mfereji mdogo laini ambao kamba inauchonga kwenye plastiki ikipita mara nyingi. Majivu kuizunguka yalikuwa yamefagiliwa. Kwenye majani ya pembeni palikuwa na duara mbili za majani yaliyolala, kila moja upana wa kitako cha bidon, dumu la maji.

"Wanachota," Gauthier alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tiyo ni nyembamba. Bidon moja tu inashusha maji mita mbili na nusu."

"Wakichota kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, unapima nini?"

"Napima walichobakiza."

"Na Jumamosi hawachoti, kwa sababu ni sabato. Jumamosi peke yake ndiyo iliyokuwa inakwambia kweli, na hiyo ndiyo uliyoifuta." Alitazama jua. "Leo jua likiingia, sabato inaanza. Maji ya kesho lazima yachotwe leo. Tuondoke hapa."

Walilisogeza jipu na kujificha nyuma ya mikaratusi, mahali ambapo tiyo inaonekana. Kambere alimkalisha Aubin chini. Upande wa Sake mzinga ulilia mara mbili, mbali. Chini, kwenye vibanda, mtu alikuwa anagongelea kigingi.

Mwanamke alitokea kwa upande wa juu, si kwa njia. Alikuwa mtu mzima, kitenge cha kijani, bidon mbili za njano mikononi na kipande cha bomba chembamba chenye kamba begani.

Aubin alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kikubwa, cha mtu mwenye afya. Mwanamke alisimama. Kambere aliweka kiganja juu ya mdomo wa Aubin. Mwanamke alitazama jua, kama Inspekta alivyolitazama, akaendelea. Alitoa ufunguo kwenye fundo la kilemba, akafungua kufuli, akateremsha bomba ndani ya tiyo. Chini ya bomba palikuwa na kipande cha soli ya kandambili kilichofanya kazi ya mlango: kilifunguka maji yakiingia na kujifunga bomba likivutwa juu.

"Anaharibu kila kitu," Gauthier alinong'ona.

"Mwache ajaze. Nataka kujua ni kiasi gani."

Alijaza bidon ya kwanza, kisha ya pili. Alipokuwa anakaza kifuniko Inspekta alitoka.

"Shikamoo mama. Polisi. Jina lako?"

Mwanamke hakukimbia. Aliweka mguu mmoja mbele ya bidon. "Bananiitaka Mama Daniella."

"La kwenye karatasi?"

"Sylvie." Alimwona mlinzi akitolewa nyuma ya miti. "Aubin! Umeshasema?"

"Sijasema hata neno, mama. Nilikohoa tu."

"Unafanya nini hapa, Mama Daniella?"

"Nasafisha tiyo."

"Kwa bidon mbili?"

"Ilichafuka sana."

"Nani alikupa ufunguo?"

Inspekta hakurudia swali. Alingoja, na Mama Daniella naye alingoja, na aliyeshindwa alikuwa Aubin.

"Mimi nilimupa," alisema. "Juu ya barrière. Mama, umwambie tu."

"Njia ya ziwa iko napita ku barrière," Mama Daniella alisema, akitazama kando. "Mabinti wawili walienda kuchota, hawakurudia ile siku. Walirudia kesho yake. Hatukuwauliza kitu. Aubin akaniletea ufunguo."

"Munachota lini?"

"Asubuhi, mbele ya jua kutoka. Bidon moja. Ukimaliza unamwachia mwingine, anangoja mayi irudie."

"Kila siku?"

"Siku ya Sabato hatuchotake."

"Jumanne ulichota?"

"Jumanne nilichota."

"Na leo asubuhi?"

"Na leo."

Gauthier aliketi juu ya jiwe. Mama Daniella alimtazama, kisha akaitazama tiyo, waya wake mweusi ulioshuka ndani, na mlingoti wa king'ora. Hakuwa mjinga. Ilionekana usoni alipofika mwisho wa hesabu.

"Ni sisi?" aliuliza. "Bale batu kumi na mumoja. Ni sisi?"

"Nitakachojua nitakiandika," Inspekta alisema. "Bado sijakijua. Sasa hivi nataka kitu kimoja. Enjinia, ile mita tano ya leo asubuhi: ni maji ya kilima, au ni bidon ya mama?"

"Inaweza kupimwa." Gauthier alisimama. "Ameondoa bidon mbili. Kama udongo ni mkavu, maji yatarudi polepole, tutakaa hapa mpaka kesho. Kama umeshiba, yatarudi mbio. Na yatasimama pale yanapokaa kweli."

Alileta kutoka kwenye jipu utepe wa kupimia wenye kichwa cha chuma mwishoni, ambao unalia kidogo ukigusa maji. Aliuteremsha. Ukalia.

"Mita sita."

Aliupandisha kidogo, akangoja ulie tena. Inspekta alishika saa. Hawakungoja muda mrefu.

"Tano na nusu."

Chini ya mteremko vibanda vingi vilikuwa na watu sasa. Moshi ulianza kutoka, wa chakula cha mwisho kabla ya sabato. Mama Daniella alisogea ukingoni.

"Tano." Halafu, karibu bila kupumua: "Nne na nusu."

"Ni mbio au polepole?"

"Jumapili moja mwezi wa tisa nilifanya jaribio hili hili. Ilichukua nusu siku kupanda mita moja." Utepe ulilia. "Nne."

"Yule ni Daniella," Mama Daniella alisema. Chini kabisa, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alikuwa anainamia mlango wa kibanda. "Nilimwambia angoje. Nilimwambia angoje mimi nikuye."

"Tatu na nusu," Gauthier alisema.

Maji yalivuka mita tatu. Hayakusimama hapo. Yalivuka mita mbili. Yaliposimama, kichwa cha chuma kilikuwa kinalia urefu wa mkono mmoja tu chini ya ukingo.

"Haijawahi kufika hapa," Gauthier alisema. "Kilima kimejaa. Kinashikiliwa na nini, sijui." Alitoa simu. "Natuma ishara."

"Usitume!" Aubin alipiga kelele. "Batalala chini! Ndani ya manyumba, kama ile siku!"

Inspekta aliweka mkono juu ya simu ya Gauthier. Mlinzi alikuwa sahihi. Mizinga ilikuwa inalia upande wa Sake tangu mchana, na kila mtu pale chini alikuwa amezoea kujibu sauti ya ghafla kwa kujitupa sakafuni. Alimwagiza Kambere amfungue Aubin pingu. Walishuka wote.

Papa Émile alikuwa katikati ya kambi, akigawa kamba za kufungia turubai.

"Watoe watu," Inspekta alisema. "Sasa."

"Kwa karatasi gani?"

"Maji yamefika juu. Enjinia amepima mbele yangu."

Papa Émile alimtazama Gauthier. "Asubuhi mita tano. Jioni umebadilisha. Jumanne ulisema yako chini, batu bakakufa. Leo unasema yako juu, na barabarani kuna bombe. Mukubaliane kwanza weye na mashine yako, kisha mukuye."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Gauthier alieleza kuhusu mfinyanzi, kuhusu saa kumi na mbili asubuhi, kuhusu capteur. Kila neno lilikuwa sahihi na hakuna aliyeinua mkeka. Mtu mmoja aliuliza kama hii ndiyo namna mpya ya kuwanyang'anya viwanja.

Inspekta alimvuta Mama Daniella pembeni.

"Kuna mtu mmoja tu anayeweza kueleza kwa nini asubuhi ilikuwa tano. Siwezi kukulazimisha. Na ukisema mbele ya watu hawa, siwezi kuandika kwamba sikusikia. Itaingia kwenye ripoti kama ulivyosema."

"Andika," Mama Daniella alisema.

Alipita kati ya watu mpaka alipofika alipo Papa Émile.

"Ile mashine haikusema uongo," alisema. "Ni mimi nilikuwa nachota mayi ya mu ile tiyo. Kila asubuhi, mbele bapime. Ilikuwa inaonekana chini juu mimi niliimaliza. Sasa hivi tumeacha kuchota, na tumeiona inapanda mupaka juu. Kilima kimejaa. Mutoke."

Mwanamume mmoja alisogea mbele, na wengine wakampa nafasi. Inspekta alikuwa na jina lake kwenye jalada: Viateur, fundi wa baiskeli. Mke wake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wa Jumanne. Kambere alipiga hatua moja kumzuia, Inspekta akamrudisha kwa jicho.

Viateur alisimama karibu sana na Mama Daniella.

"Jumanne pia ulichota?"

"Jumanne pia."

"Wewe peke yako?"

Nyuma yake, kwenye kundi, walikuwepo wanawake waliokuwa na bidon za njano kando ya milango yao. Hakuna aliyenyanyua uso.

"Mimi nilikuwa na ufunguo," Mama Daniella alisema.

Viateur aliendelea kumtazama. Mikono yake ilikuwa imefumbwa ngumi. Kisha aligeuka, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na mkeka na sufuria, na kuanza kupanda kuelekea barabarani.

Baada ya hapo haikuwa lazima kumwambia mtu yeyote chochote. Waliondoka jinsi watu waliowahi kukimbia mara nyingi wanavyoondoka: haraka, bila kelele, watoto kwanza. Sufuria za moto zilibaki. Papa Émile alipitia kila kibanda na mwavuli wake, akipiga turubai kwa nje na kuita. Aubin alimbeba mgongoni kikongwe mmoja aliyekataa kuamka. Mvua ilianza, ndogo, ya kawaida.

Mtu wa mwisho kufika barabarani alikuwa Papa Émile.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini nusu ya pili ya mteremko wa Kanyabuki ilishuka. Haikuanza kwa mlio. Mikaratusi iliinama pamoja, upande mmoja, kisha ikasogea ikiwa bado imesimama. Mlingoti wa king'ora ulikwenda nayo. Ndipo sauti ilipofika, na watu wote waliokuwa barabarani wakalala chini.

Walipoinuka hapakuwa na kibanda hata kimoja.

Papa Émile alipanda juu ya jiwe na kuanza kuita nyumba zote kwa kichwa, kuanzia ile iliyokuwa juu kabisa. Kila nyumba iliitika. Inspekta alisimama kando yake akihesabu kwa vidole. Zilipobaki chache, sauti ya Papa Émile ilikuwa imekauka.

"Nyumba ya Mama Daniella?"

Hakuna aliyejibu.

"Mama Daniella?"

Alikuwa ameketi kwenye matope chini ya ukingo wa barabara, uso ndani ya kitenge, binti yake akimshika bega. Mbele yao alisimama mwanamume mwenye mkeka na sufuria.

"Eko hapa," alisema Viateur.